Sumuni Yenye Tundu la Msumari

Machakos mjini
Ijumaa, 12 Aprili 2024

Kwa mama,

Habari ya huko Mwala, na habari ya mvua? Huku hatujaona jua tangu Jumapili, na matope ya soko yanaingia hadi mlangoni. Mimi ni mzima, mgongo tu, cherehani haina huruma. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Yule ng'ombe mweusi amezaa ama bado anatuchezea?

Naandika kwa sababu kwa simu imetushinda. Nimepiga mara tatu, na mara tatu tumelia sisi wawili mpaka pesa ya simu ikaisha. Nimeona nikiandika nitamaliza sentensi. Nimempa Festus barua hii. Anakuja na pikipiki kila Jumatatu na Ijumaa kuleta kuku sokoni, kwa hivyo hata wewe ukitaka kujibu mpe yeye. Ni mtu wa kuaminika, hatasoma.

Kesho itakuwa wiki tisa tangu tumzike mtoto wangu Kimanzi. Sitaandika zaidi juu ya hilo leo.

Nataka kumchukua binti yangu Mutindi. Nilikuachia baada ya mazishi kwa sababu sikuwa na nguvu hata ya kumchana nywele, na nakushukuru, mama, kwa kumlea. Lakini amekosa shule tangu Februari, na shule zinafunguliwa tarehe 29. Fundi Linet amekubali awe akija hapa karakana baada ya masomo, akae chini ya meza yangu na vitambaa vyake. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 27. Mfulie lile gauni la kijani.

Mwambie mama anamsalimia sana.

Ni mimi mwanao,
Winfred

*

Mwala
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Kwa Winfred, mwana wakwa, mtoto wangu,

Bwana asifiwe. Barua nimepata. Magoti ni yale yale. Ng'ombe alizaa Alhamisi, dume, na wajina wangu Mutindi amempa jina la mwalimu wake. Mtoto ni mzima, anakula, anafukuza kuku mchana kutwa, na jioni anataka hadithi za babu yake mpaka zinaniisha.

Juu ya kumchukua, nisikilize vizuri. Mimi ndiye nilikuzaa na sitakuficha. Mtoto hatatoka hapa kuingia katika nyumba iliyo na lile kopo lako la pesa za zamani. Nilinyamaza ulipoanza kuzinunua, nikasema ni mchezo, kila mtu ana wazimu wake. Lakini wewe unajua zile zenye tundu zilikuwa za nini. Zilivaliwa. Zilikuwa kwenye shingo za watu ambao hatujui walikufa wakiwa wameapa nini. Na wewe ukamvalisha Kimanzi.

Mimi ndiye nilifungua shati asubuhi ile nikamkuta mume wangu anatafuta pumzi, na hicho kitu kiko kifuani kwake kwa uzi mweusi. Nimemzika Kimanzi wa kwanza, baba yako, sikulalamika, alikuwa na miaka yake. Huyu wa pili aliyebeba jina lake nilimwita mume wangu tangu siku ulipomtoa hospitali, na alikuwa anacheka nikimwita hivyo. Sasa nimekuwa mjane mara mbili.

Tupa zote chooni. Halafu uje Jumapili, usimame mbele ya kanisa, useme umeziacha, mchungaji akuombee. Ukifanya hivyo utaondoka na mtoto siku hiyo hiyo, nitamfungia na viazi vitamu.

Mimi mama yako,
Mutindi

*

Machakos mjini
Ijumaa, 19 Aprili 2024

Kwa mama,

Salamu. Nimefurahi juu ya ndama. Mgongo umepoa kidogo, Linet alinipa dawa ya kupaka. Wewe usikae kwenye jiko lenye moshi sana.

Mama, hujawahi kuniuliza kwa nini nanunua zile pesa. Ulicheka, ukaniambia niko na pesa ya kununua pesa. Sasa wacha nikwambie.

Kuna mtu anaitwa Adow, Msomali, anauza kufuli, tochi na miwani pale nyuma ya soko. Mjomba wake huzunguka minada ya mbuzi, na huko wazee humuuzia pesa za zamani. Zile nzuri Adow anawawekea watu wa Nairobi wanaokuja na gari. Zile zilizotobolewa, zilizopindwa, zilizosuguliwa mpaka mfalme hana pua, hizo hawataki hata kuziona. Anazitia kwenye bakuli ya plastiki anayoiita wodi. Nilikuwa napita hapo nikitoka kununua vifungo.

"Mama Mutindi! Leo unatoa mgonjwa gani?"

"Yule wa hamsini."

"Huyu ana tundu mbili."

"Basi ni arobaini."

"Wallahi wewe utanifungia duka. Mtu akiumwa zaidi ndiyo anapungua bei?"

Ndivyo ilikuwa. Moja kwa mwezi, na kuna miezi sikununua, nilienda tu kutazama. Ile ya fedha ya Mombasa, ya mwaka 1888, nilimlipa kidogo kidogo tangu Pasaka mpaka Krismasi, na hiyo imepasuka ukingo. Kama ingekuwa nzima nisingeigusa hata nikiuza cherehani.

Sinunui zile senti kumi zenye tundu katikati, zile ulizokuwa unanionyesha nikiwa mdogo. Hilo tundu lilitobolewa na serikali, zote ziko sawa. Mimi nataka zile zilizotobolewa na mtu. Ukiipindua unaona mahali msumari ulitokea upande wa pili, chuma kimeinuka kama midomo. Mtu alikaa chini na jiwe na msumari, akachagua mahali. Na ile iliyovaliwa siku nyingi, uzi unakula tundu linakuwa refu, linapanda kuelekea ukingoni. Naweza kukwambia hii ilining'inia mwaka mmoja na hii miaka arobaini. Nikitoka kazini macho yananiuma, namlaza Mutindi, natoa moja, naiangalia. Ni hiyo tu. Hakuna kiapo. Ni watu waliokuwa na pesa kidogo na wakataka kuwa na kitu kizuri, kama mimi.

Nilipita kwa Adow juzi, mara ya kwanza tangu Februari. Aliifunika ile bakuli na gazeti aliponiona. Hakunitania. Alisema tu, "Pole, dada yangu," akanipa kiti. Nikakaa kidogo, nikaenda.

Kwa hivyo jibu langu ni hili, mama, na nimelifikiria. Nikisimama kanisani niseme zile pesa zilimuua Kimanzi, nitakuwa nimesema mimi ndiye nilimuua, kwa sababu mimi ndiye nilimfungia. Sitasema. Niombeeni, sikatai maombi, lakini hilo sitasema mbele ya mtu yeyote.

Nakuja tarehe 27 kama nilivyosema.

Mwanao,
Winfred

*

Mwala
Jumatatu, 22 Aprili 2024

Winfred,

Nimesoma. Tumeamka salama.

Kama pesa za wafu ni nzuri kuliko mama yako, kaa nazo. Usije tarehe 27. Ukija utanikuta na akina mama wa ushirika, na sitaki mtoto aone watu wakivutana juu yake kama kitambaa. Hapa kuna shule pia. Nimezungumza na mwalimu.

Usinitumie maelezo ya misumari tena.

Mama yako

*

Machakos mjini
Ijumaa, 3 Mei 2024

Kwa mama,

Natumai mko wazima na maji hayajaingia nyumbani. Nimesikia barabara ya huko imekatika mahali pawili, na Festus sijamwona Jumatatu. Leo amefika kwa shida, suruali yote matope, ndiyo nimemshika nikaandika hii kwa haraka.

Sikuja. Nilifika mpaka stendi, nikanunua maziwa na mkate, nikasimama. Halafu nikafikiria Mutindi akiniona nikigombana na watu wazima mlangoni, nikarudi. Mkate tumekula na Linet.

Shule imesukumwa mbele kwa ajili ya mafuriko, kwa hivyo hatujachelewa bado. Mama, naomba. Niambie hata kama mtoto anakohoa ama hakohoi. Festus anasema alimwona akicheza, lakini Festus haangalii watoto, anaangalia kuku.

Nijibu.

Mwanao,
Winfred

*

Machakos mjini
Ijumaa, 10 Mei 2024

Kwa mama yangu,

Jumatatu Festus alikuja bila barua. Leo pia hana. Nimemuuliza kama alikupa ile yangu, akasema ulimpokea mkononi ukaiweka ndani ya Biblia. Kwa hivyo umeisoma, ama iko hapo imekaa. Hii nakuomba uisome ukiwa umeketi, na mtoto asiwe karibu.

Kuna jambo nimekaa nalo wiki kumi na tatu. Nilitaka kukaa nalo mpaka nife, lakini umenisukuma ukutani.

Siku ile mlipomleta Kimanzi hapa hospitalini na gari ya wagonjwa, nilikuwa nimefika kabla yenu. Wewe ulikuwa kwenye benchi huwezi kusimama. Nesi aliyempokea alinivuta kando akaniuliza, "Mama, mtoto ameumwa siku ngapi?" Nikamwambia ni leo asubuhi, kwa sababu ndivyo uliniambia kwa simu. Akaniangalia. Akasema, "Kifua hiki si cha leo. Huyu amevuta pumzi hivi siku mbili." Nikasema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Ile ilikuwa Jumatano. Siku mbili nyuma ni Jumatatu. Na Jumanne saa saba, nikiwa kwa chakula, nilikupigia. Nikauliza, "Mzee wako yuko aje?" Ukacheka ukasema, "Mume wangu amelala, ameshiba, usituamshe." Nikacheka pia. Nikarudi kwa yunifomu za watu.

Sikukuuliza kwenye mazishi. Nilikuona vile ulianguka kwenye udongo, nikasema hata kama ni nini, huyu hawezi kubeba na hili. Nimekubebea. Kila ulipoandika "asubuhi ile" nilisoma nikapita. Lakini huwezi kuchukua mmoja ukaniachia kaburi, halafu unyime mwingine kwa sababu ya kopo.

Sasa langu, ili usiseme nimekuhukumu mimi nikiwa safi. Nilijua unaogopa vile vitu. Ndiyo maana niliificha chini ya shati, nikamfungia kwa uzi mfupi. Ningekuwa mwanamke jasiri ningekwambia usoni, "Mama, nimemvalisha sumuni," ungeirusha nje, tungegombana, na tungemaliza. Badala yake niliificha, ukaikuta peke yako, na mtoto anaumwa.

Na unajua kwa nini ilikuwa ile? Niko na kumi na saba. Nilichagua ile sumuni ya simba kwa sababu tundu lake limelika kuliko zote, karibu linafika ukingoni. Nikasema yule aliyeivaa alizeeka. Nikasema basi na mtoto wangu atazeeka. Mimi niliyekuambia hakuna kiapo! Nilikuwa namwacha kwako Januari, ana mwaka mmoja tu, nikataka kumfungia miaka ya mtu mwingine shingoni.

Kwa hivyo tulikuwa wawili tulioamini kitu juu ya ile sumuni. Mimi niliamini itamlinda, wewe uliamini inamuua, na yeye alikuwa anaumwa kifua.

Sitaki ukiri kwangu. Nataka mtoto wangu. Shule inafunguliwa Jumatatu.

Mwanao,
Winfred

*

Mwala
Jumatatu, 20 Mei 2024

Kwa Winfred wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Mutindi ni mzima, ndiye huyu umepokea na barua. Nimemwambia Festus aendeshe polepole na asibebe kuku leo. Gauni la kijani limekuwa fupi, nimeshusha upindo.

Nimeandika barua hii mara nne nikachoma. Wacha niseme tu jinsi ilivyokuwa.

Jumatatu aliamka na joto, na mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Nilimfunga mgongoni niende dispensari. Pochi ya kadi yake ya kliniki nilikuwa nayo mkononi, Winfred. Nikamshusha nimbadilishe shati, ndipo nikaona uzi. Nikashikwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Nikasema huu si ugonjwa wa dawa, nikienda kwa daktari nitampoteza. Nikaita akina mama wa ushirika. Tulikata uzi na wembe, tukatupa kile kitu chooni, tukaomba mpaka jua likazama. Jumanne homa ikashuka kidogo. Alikunywa uji vijiko vitatu. Tukaimba. Mama Kioko akasema tusivunje maombi, tufunge siku moja zaidi, na mimi nikakubali. Si yeye aliyeamua. Mimi ndiye mwenye mtoto, mimi niliamua.

Ulipopiga hakuwa amelala. Nilikuwa nimempakata, alikuwa anaangalia mlango. Alisikia sauti yako kwenye simu akageuza kichwa. Nilicheka ili usisikie anavyopumua.

Jumatano alfajiri midomo ikabadilika rangi, ndipo nikamwita Festus atukimbize dispensari, na huko wakatuitia gari ya wagonjwa. Mengine unajua.

Nilihitaji kitu cha kulaumu. Kama si lile kopo, ni nani aliyebaki? Hata mchungaji nilimwambia ilikuwa asubuhi ile. Ulipoanza kuandika vizuri vile, kwa upole, juu ya watu waliotoboa kwa msumari, nilikasirika zaidi, kwa sababu niliona unaelekea kunishawishi, na ukinishawishi nitabaki mimi.

Jana nilisimama mbele ya kanisa. Nilikuambia wewe usimame, nikasimama mimi. Nilisema siku zote mbili, kwa majina. Mama Kioko alitoka nje kabla sijamaliza. Wengine hawakuniangalia tulipotoka. Mchungaji alinishika mkono, ni kijana, hajazika mtoto.

Usinijibu. Sina swali. Chakula hakipiti, nakunywa maji. Nimemfunga ng'ombe kwa jirani kwa sasa. Mlee mtoto wako. Kopo ni lako, kaa nalo, mimi sina neno tena juu ya kopo.

Mama yako,
kama bado unaniita hivyo

*

Machakos mjini
Jumatatu, 20 Mei 2024

Mama,

Festus yuko nje, nimemwambia asiondoke mpaka nimalize. Anapiga honi. Apige.

Mtoto amefika salama. Amelala chini ya meza ya Linet, kiatu kimoja mguuni.

Umesema nisijibu, lakini mimi si mtu wa kuambiwa nisijibu mama yangu. Sijakusamehe. Sitakudanganya kwa karatasi. Nimesoma mahali aligeuza kichwa, nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena. Neno la kusamehe nimelitafuta na halipo bado. La kujisamehe mwenyewe pia sijalipata, kwa kuificha ile sumuni chini ya shati. Labda lako na hili langu yatakuja siku moja, labda hayatakuja. Sijui.

Ninachojua ni hiki. Mutindi aliposhuka pikipiki nilimkumbatia, nikamuuliza juu ya shule, ndama, barabara, kila kitu. Nikamlisha. Alikula akiniangalia. Halafu akaniuliza juu yako, bibi yake, "Mama, na susu pia amekufa?"

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo. Akasema, "Wewe hujasema jina lake. Na yule mtoto pia mliacha kusema jina lake."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia susu yuko Mwala, yuko nyumbani, saa hii ameketi anakula chakula chake. Akasema sawa, akalala.

Jumamosi tunakuja, mimi na yeye. Sitakuja kuongea. Magugu yamefunika maharagwe, Festus ameniambia, nitalima. Wewe chukua ng'ombe wako kwa jirani.

Nimemwambia mtoto unakula, mama. Usinifanye mwongo. Kula.

Mwanao,
Winfred